Ukaguzi wa Breki Nilioufuta

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, nikiwa meneja kijana wa jengo la ghorofa kumi na mbili katikati ya Nairobi. Tulikuwa na lifti mbili kuukuu. Fundi wake, Odhiambo, alikuwa mtu wa Siaya, na kwa miaka minane tulikula chakula cha mchana pamoja juu ya paa, kila mtu na mkebe wake.

Mwenye jengo alitaka nipunguze gharama. Ukaguzi wa kila mwezi ulikuwa ghali kweli, na lifti ikisimamishwa, wapangaji hawakosi kulalamika. Basi nikaandika ratiba mpya: taa, milango, kamba na breki, vyote vikaguliwe mara moja kwa miezi minne.

Odhiambo aliisoma polepole.

"Kamau, hizo taa na milango zinaweza ngoja hata miezi sita. Zingine tunazifungua sana mpaka tunaziharibu. Lakini breki ya lifti ya pili imeanza kuisha. Hiyo tuiangalie kila mwezi."

"Mdosi anataka tupunguze."

"Basi punguza kwingine."

Alikuwa amenionyesha pa kubana na pa kuachia. Lakini ratiba nilikuwa nimeshampelekea mwenye jengo, akaisifu, nami nikaona haya kurudi kwake na karatasi iliyofutwafutwa. Nikatia sahihi.

Mwezi wa tatu wa ratiba hiyo, lifti ya pili ilikwama kati ya ghorofa mbili, mama mmoja akiwa ndani. Odhiambo alimtoa salama. Aliporudi kuufunga mlango, mguu mmoja ukiwa bado ndani, breki ikaachilia na lifti, ikiwa tupu, ikavutwa juu na uzito ulioning'inia upande wa pili wa kamba, ikaubana mguu. Madaktari waliukata mguu ule chini ya goti.

Nilipofika hospitalini aliniuliza kama yule mama alifika nyumbani. Sikuwa nimeuliza.

Kesho yake nilimpelekea mwenye jengo ratiba kama Odhiambo alivyotaka. Aliisoma, akasema sawa. Haikuchukua dakika tano.

Odhiambo alirudi kwao. Nilimpigia simu kila Jumapili, mpaka siku moja akaniambia, bila hasira, "Kamau, nikisikia sauti yako narudi pale mlangoni. Wacha tu."

Nimeacha. Siku hizi naishi peke yangu hapa Kinoo; mke wangu alitangulia, watoto wanaishi mbali. Nikiona jambo la kuchekesha barabarani, Odhiambo ndiye ningetaka kumsimulia. Namba yake bado naijua kwa moyo.

Sasa wewe umekabidhiwa mitambo, na bajeti haitoshi. Haitatosha kamwe, mwanangu, wala si dhambi kubana. Ila usikate kila kitu sawasawa ukadhani umetenda haki. Kinachosumbua watu tu kikiharibika, kipe muda mrefu. Kinachoshika uhai wa mtu, kikague mapema, na kikianza kuchakaa, kikague mara nyingi zaidi. Muulize anayekishika kwa mikono yake, na akikwambia ratiba yako ina kosa, rudi siku hiyo hiyo ukaibadilishe, hata kama uso utawaka kwa aibu. Aibu hiyo ni ya dakika tano.

Mungu akupe masikio ya kuwasikia unaofanya nao kazi, na akuzeeshe ukiwa bado unaweza kuwapigia simu wakafurahi kukusikia.