Mzazi Aitwe Getini

Usiku ule mume wangu alichelewa kurudi, na simu yake ilikuwa imezima. Chakula nilikipasha, nikakifunika, nikakifunua kukitazama kana kwamba kingenipa habari, nikakifunika tena. Binti yetu, kitindamimba, alijilaza akielekea ukutani na kujifanya amelala, lakini mtoto niliyemzaa mwenyewe nazijua pumzi zake za usingizi na zile za kuigiza. Sote wawili tulisubiri jambo moja: kama mkuu wa shule ya binafsi anakofanya kazi baba yake angekubali kumpokea katikati ya mwaka.

Shule ya serikali aliyokuwa akisoma iko karibu na nyumbani, na mimi sina ugomvi nayo. Kaka zake wote walisoma pale. Lakini mwaka huo mwalimu wa darasa lake alihamishwa, na hakuletwa mwingine. Watoto wakaunganishwa na darasa la jirani, wakajaa mpaka madirishani. Kwa kuwa binti yetu ni mpole, akapewa kazi ya kuwashika watoto wa darasa la chini wasipige kelele. Nilimtuma kusoma, akageuzwa yaya. Jioni moja nilimuuliza amejifunza nini, akanijibu, "Leo nimefundisha." Alisema kama utani, ila hakucheka. Nikaanza kumsumbua baba yake.

Aliporudi usiku huo aliketi, akavua viatu, akavipanga visigino vikigusa ukuta. Sikumuuliza kitu. Yeye si mtu wa kuharakishwa. Ukimsukuma ndiyo kwanza anasimama.

"Amekubali," alisema mwishowe.

Binti yetu akaketi kitandani kama aliyechomwa mwiba.

Kisha baba akaeleza masharti. Ada ingepunguzwa, na iliyobaki ingekatwa kwenye mshahara wake kila mwezi. Mtoto angekuwa kwenye majaribio mpaka mwisho wa muhula, na akirudishwa nyumbani hata mara moja kwa kosa lolote, ndiyo basi. Na mkuu alikuwa na ombi: isijulikane kwamba msichana huyu ni wa bawabu. Mpishi ana watoto, dereva ana watoto, wafagiaji nao wana watoto, na shule haiwezi kuwapunguzia wote.

Tuliona ombi hilo ni dogo. Tulivyokuwa na shida, hata angetutaka tupite na vichwa chini tungepita.

Asubuhi yake mume wangu alimfundisha binti yake namna ya kupita getini.

"Pale mimi ni bawabu, wewe ni mwanafunzi. Unaniamkia kama wanavyoniamkia wenzako, unapita."

"Na kama wao hawakuamkii?"

Baba yake akafikiri kidogo. "Basi na wewe usiniamkie."

Nilicheka. Sote watatu tulicheka.

Sasa nieleze habari za mume wangu, maana asiyemjua atamdhania mtu mgumu bure. Zamani alilinda ghala la mbao. Siku moja jamaa anayemfahamu, mtu aliyekula nyumbani kwetu, alimwomba amfungulie achukue koti alilosahau. Akamfungulia. Jamaa akaingia na wenzake, na mbao zikaondoka. Mume wangu akafukuzwa kazi, na tukakaa mwaka mzima tukila kwa shemeji yangu, chakula kinachoshuka na masimango. Tangu hapo hafungui kwa sura ya mtu. Anafungua kwa sheria.

Wanafunzi wanamwita Komeo. Wanasema hata mbu akitaka kuingia, Komeo atamuuliza anakwenda kumwuma nani na kama anatarajiwa. Wakati mmoja alimwacha mkwe wa mwenye shule nje juani na kapu lake la zawadi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mgeni anakuja. Watu wakajua siku hiyo kibarua kimeota nyasi. Kumbe mkuu akamsifu mbele ya shule nzima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mume wangu alisifiwa akazidi kukaza.

Na sheria yake kubwa ni ya wachelewaji. Kengele ikilia, kilango cha kwenye geti kinafungwa. Aliyechelewa anasimama nje, anaulizwa mzazi wake ni nani, na mzazi huyo anaitwa aje getini mwenyewe. Akija, mtoto anaingia. Asipokuja, mtoto anarudi nyumbani.

Haya yote nimeyaona kwa macho yangu, kwa sababu kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi linalotazamana na geti hilo. Meza yangu iko dirishani. Mwenye duka ni mama mmoja mnene, mcheshi, tunayemwita Bi Pasi, maana akikukanya unanyooka. Kila mchana nilivuka barabara na chakula cha mume wangu, nikampitishia kwenye kilango. Barabara nzima ilijua mke wa Komeo ni nani. Kwa hiyo binti yetu alipoanza shule, niliacha kumwangalia anapopita. Nilitazama kola za mashati.

Mwanzoni alitaabika na masomo. Wenzake walikuwa mbele, naye alikesha akiwakimbiza. Baada ya wiki kadhaa akaanza kushika. Mwalimu alimwita mbele akokotoe hesabu, akaipata, na jioni hiyo alituigizia yote, jinsi alivyoshika chaki na jinsi darasa lilivyonyamaza. Baba yake alimsikiliza bila kugusa sahani yake. Nikasema moyoni, hata mshahara wote ukatwe, na ukatwe.

Lakini kidogo kidogo nikaona mambo. Akaacha kutoka nyumbani pamoja na baba yake. Akaanza kupitia barabara ya nyuma, atokee upande wanakoshukia watoto wa magari. Nyumbani pia, akitaka chumvi iliyo mbele ya baba yake, ananiomba mimi nimpe. Mume wangu alisema mtoto anajua kutii.

Siku moja wasichana wawili wa darasa lake waliingia dukani kuchukua masweta. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba baba wa yule mgeni ni mhandisi wa meli, ndiyo maana haonekani kwenye vikao vya wazazi. Bi Pasi alinitazama. Mimi nikaendelea kukandamiza pasi mpaka harufu ikapanda, na kola ya watu ikawa na alama ya kahawia. Walipotoka, Bi Pasi hakunigombeza kuhusu kola. Alisema tu, "Dada, afadhali wako amempa baba yake kazi nzuri. Wangu alisema nimekufa."

Nilimwambia mume wangu usiku huo.

"Si ndivyo tulivyomfundisha?" akasema, akageukia ukutani.

Asubuhi ya msiba wetu mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Binti yetu alitoka mapema, lakini hakwenda shule moja kwa moja. Wale wasichana wawili wa masweta, ambao sasa walikuwa rafiki zake, ni ndugu pacha, na mama yao alikuwa amemwahidi kumchukua kwa gari kwenye kona ya duka la dawa. Kwa hiyo akangoja pale. Gari likakwama kwenye maji, yeye akaendelea kungoja, na kengele ikalia. Alikuwa na muda wa kutosha kufika kwa miguu akiwa wa kwanza. Alichotaka ni kufika akiwa ndani ya gari.

Niliona gari la buluu likisimama mbele ya geti lililofungwa. Wakashuka watatu. Mama yao akashuka na mwavuli, akamjibu bawabu anayotakiwa kujibu, na mabinti zake wakaingia. Wa kwetu akabaki nje.

Dirisha la duka halina kioo, na barabara ni nyembamba. Nilisikia kila neno.

"Mruhusu na huyu," yule mama alisema. "Nimekuja naye mimi. Baba yake yuko safarini."

"Mzazi wake aje mwenyewe, mama," mume wangu alimjibu kwa adabu.

"Mvua yote hii, mzee?"

"Ndiyo sheria, mama."

Mkuu wa shule alikuwa ametoka kwenye baraza ya ofisi, anatazama. Mume wangu alimwona. Akamgeukia binti yake kupitia nondo za kilango, na sauti yake ikawa ile ya kila siku, ile ya kazini.

"Mzazi wako ni nani?"

Binti yetu alitazama viatu vyake.

"Nimekuuliza, mwanafunzi. Mzazi wako ni nani, aitwe."

"Hayupo," alisema.

Niliweka pasi pembeni. Bi Pasi alinishika mkono. Alinong'ona kwamba nisiende, kwamba atafungua tu, damu ni nzito kuliko maji. Lakini mimi nimelala na mtu yule miaka yote hii. Alikuwa ameshika komeo, na hakuwa akilivuta. Nisipovuka, mtoto anarudishwa nyumbani na nafasi imekwisha. Nikivuka, kila mtu atajua ni wa nani. Nilisimama mlangoni mwa duka na mvua ikanipiga usoni, nikamngoja yeye aseme neno moja tu. Hakulisema.

Nikavuka.

"Mzazi ni mimi," nilisema.

Yule mama akainua mwavuli anione vizuri. "Wewe si ndiye unayenyoosha nguo zetu?"

"Ndiye, mama."

"Sasa huyu..." Akaishia hapo. Akanitazama, akamtazama bawabu, akaitazama sura ya binti yetu, na nikaona mambo yakijipanga mbele ya macho yake moja baada ya jingine. Hakuwa mtu mbaya. Alisema "oh" kwa sauti ndogo, akarudi garini haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu ndani.

Kule ndani, rafiki zake wawili walikuwa hawajaondoka. Walisimama chini ya paa wakitazama. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, na mwenzake akaziba mdomo kwa mkono.

Kwa utaratibu, bawabu alitakiwa aniulize kwa nini mtoto wangu amechelewa. Midomo ya mume wangu ilicheza, lakini swali halikutoka. Akavuta komeo. Akafungua kilango mpaka mwisho, akatoka nje kwenye mvua bila kofia.

"Ingia, mwanangu," alisema. Alilisema kwa sauti, mkuu akisikia, wasichana wakisikia.

Binti yetu hakuinua uso kumtazama. Alinigeukia mimi.

"Mama, kwa nini umekuja?"

Hakuuliza kwa hasira. Heri angeuliza kwa hasira. Akavuta begi lake begani, akageuka, akaanza kuteremka barabara kuelekea nyumbani, taratibu, sare imemgandama mgongoni. Nilimwita. Hakusimama.

Nilitaka kumkimbilia, nikamtazama mume wangu kwanza. Alikuwa palepale, mkono mmoja kwenye kilango, anamtazama mtoto akiondoka.

"Bawabu," mkuu aliita kutoka barazani. "Funga geti."

Hakulifunga. Maji yalikuwa yakitiririka chini ya miguu yake na kuingia uani, na kilango kilikuwa wazi, na hakuna aliyepita.