Mlango wa Kushoto wa Landrova

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwa vijana wanaoosha magari pale Katesh, maana boneti ilikuwa imepauka hadi naona aibu kuliegesha kanisani. Kijana mmoja akanionyesha makopo ya polishi na sponji za rangi tatu, akanieleza ipi ya kuondoa mikwaruzo, ipi ya kung'arisha, ipi ya kumalizia. Nilimwacha aseme yote. Kisha nikamwambia, "Mwanangu, kazi hii niliianza kabla mama yako hajazaliwa." Akacheka, akidhani ni utani wa kikongwe.

Si utani, rafiki yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa dereva wa kituo cha afya, amehamishiwa Hanang kutoka Tabora, na tuliishi Gendabi kwenye nyumba ya dereva, karibu na kituo. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila kitu cha umma na kila mtu akikitazama kama chake. Landrova ya Baba ilikuwa ya kijani kilichokoza. Ilipeleka dawa hadi Getanuwas, ikarudi na wagonjwa, nyekundu kwa vumbi, na Baba hakugusa chai kabla hajaiosha. "Gari la umma ni kama mtoto wa jirani," alikuwa akisema. "Likichubuka mikononi mwako, utaulizwa wewe."

Mimi nami nilikuwa na sifa yangu. Hakuna msichana Gendabi nzima aliyenishinda kusugua sufuria. Nipe majivu, mchanga na kipande cha gunia, sufuria iliyounguza makande inageuka kioo. Mama alizianika kichanjani makusudi ili wapita njia wazione. Kwa hiyo iliposikika kwamba Jumatatu atakuja mkaguzi wa magari kutoka Arusha, na kwamba dereva atakayekutwa na gari lisilotunzwa atanyang'anywa funguo, nilijua la kufanya. Jumamosi mchana Baba amelala kwa uchovu wa safari, Mama yuko mashineni kusaga, nikabeba majivu na mchanga wangu nikaanza na mlango wa kushoto.

Nilisugua kwa miduara, kwa nguvu zangu zote. Nilipoumwagia maji ukakauka, mlango ulikuwa umefifia, umejaa mikwaruzo ya duara kuanzia chini hadi pale mkono wangu ulipofika. Nilikaa chini nikalia. Funguo zikiondoka, nyumba nayo inaondoka, hilo nililijua hata kwa umri ule.

Baba alitoka, akautazama mlango, akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Nilingoja fimbo. "Mkono ulioharibu ndio utakaotengeneza," akasema. "Haya, tafuta dawa."

Dawa ya kutoka wapi? Siku zile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Jirani yetu, mama mfugaji aliyetuletea maziwa, akaleta samli. "Paka tu. Ngozi yangu inang'aa kwa samli, hiyo bati itakataa?" Haikukataa. Mlango ulimeremeta, na kabla hatujamaliza kufurahi vumbi lote la Gendabi likahamia pale. Tuliuosha kwa maji ya moto, jirani akicheka kuliko sisi.

Ndipo nikakumbuka chaki. Nilikimbia kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba vipande vya chaki."

"Marahaba. Vya nini Jumamosi hii?"

Nikamwambia ukweli. Alicheka hadi akajishika kiuno, halafu akanijazia mfuko. Tulizisaga, tukachekecha kwa kitambaa cha Mama, tukalainisha unga ule kwa mafuta ya taa. Kitambaa cha kusugulia nilikichagua mwenyewe, maana gunia lilikuwa limeshanifunza adabu. Kila kitu nilikijaribu kwanza shavuni. Kisichoniwasha mimi kisingeikwaruza rangi. Kipande cha blanketi kuukuu kikapata kazi ya chaki. Pamba ikapata kazi ya nta ya nyuki, aliyokuja nayo Baba kutoka kwao Tabora. Ngozi ya kondoo yenye manyoya ikawa ya kumalizia.

Jumapili tulitoka kanisani tukasugua hadi jua linazama. Bega liliniuma lakini mlango ulirudi kijani, nikaona meno yangu ndani yake.

Jumatatu Baba aliegesha Landrova kando ya kituo, ubavu wa kushoto ukiwa upande wa kivuli cha ukuta. Mkaguzi alifungua boneti, akazunguka, akapitisha kidole mlangoni. "Dereva, mlango huu unalishinda gari zima. Nani kaushughulikia?"

"Binti yangu, mzee."

"Basi amalizie na iliyobaki."

Baba alibaki na funguo zake mpaka alipostaafu. Na mimi nimejisifu kwa mlango ule maisha yangu yote, kwa mume, kwa watoto, kwa yeyote aliyenipa sikio.

Siku ile gari langu lilipokuwa tayari, nikapitia Gendabi. Baba, Mama, mwalimu, jirani, wote wametangulia. Nyumba ya dereva imebomolewa. Landrova ipo nyuma ya kituo, haina magurudumu, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, ila bati lake si la kushika kutu. Jua la saa kumi lilikuwa linaupiga mlango wa kushoto. Nikaupangusa kwa kitenge changu.

Miduara yote ilikuwepo. Imefifia, lakini moja baada ya nyingine, hadi kimo cha mkono wa mtoto wa miaka kumi. Haikuwahi kutoka. Nikakumbuka jinsi Baba alivyoegesha gari lile, kituoni, sokoni, kanisani: sikuwahi kuuona ubavu ule ukitazama jua. Wakati mwingine alizunguka mara mbili ndipo aridhike. Nilidhani anapenda kivuli tu.

Nililia kwa mara ya pili mbele ya mlango uleule. Kisha nikaenda garini nikachukua kopo la nta nililonunua Katesh na kitambaa kipya. Nikakijaribu kwanza shavuni, nikaanza.