Feni ya Chumba cha Chini

Mie sikusoma. Skuli niliichoka kabla haijanichoka, nikaenda kubeba mabomba Bandari ya Sultan Qaboos, kisha nikawa fundi wa kuyatia majumbani. Lakini nyumba za Maskati nnazijua chini ya marumaru, pale mwenyewe hapajui. Na nnasema wazi: wenye nyumba hizi hawathamini kitu wasichoweza kumwonyesha mgeni.

Feni ya radoni haina cha kuonyesha. Unatoboa sakafu, unashindilia bomba, feni inafyonza radoni, gesi inayopanda kutoka kwenye jabali na kuitoa juu ya paa. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu. Mtu huivuta usingizini miaka na miaka, mapafu yakaharibika na yeye hana khabari.

Dada yangu, mkubwa wangu, analala chumba cha chini katika nyumba ya mtaa wa Bustan iliyochimbiwa ubavuni mwa mlima. Mwanawe, bwana wa ofisi, kajenga Mabela, mtaa mpya mbali na sisi. Safari moja alikuja na kipimo cha radoni, akakiweka chumbani kwa mama yake, namba zikamtia khofu. Hapo simlaumu. Lakini hakuuliza mtu, akatoa amri: namba zisiposhuka, chumba kifungwe na mama ahamie Mabela. Chumba hicho ndicho dada yangu alichomuuguzia mumewe mpaka akafa.

“Kaka,” alinambia, “Mabela ntakuwa mgeni wa mkwe wangu mpaka nife. Nitilie hilo bomba.”

Nikatia. Yule kijana alisimama na kanzu yake ya dishdasha, nyeupe kama karatasi, akilalamika kuwa bomba linaharibu sura ya nyumba. Akataka liishie chini ya dirisha la jiko. Mtu wa cheo kile, na haoni kuwa gesi itaingia tena dirishani. Nikalipeleka mpaka juu ya paa, nikaziba nyufa zote, na namba zikashuka. Dada akalala kwa raha.

Haukupita muda, kijana akanipigia simu: namba zimepanda tena.

“Mjomba, hiyo ni feni ya chooni. Mama anahama.”

Nikaenda Jumamosi asubuhi. Masanduku ya dada yalikuwa yashapangwa mlangoni. Nikaweka mkono kwenye bomba: kimya, baridi, halitetemi. Swichi ya feni, pale ngazini, imezimwa. Dada akaapa kuwa yeye haigusi, maana mwanawe kamkataza kugusa mambo ya umeme. Khalafu akanambia, kwa aibu kama kosa ni lake, kuwa kila Ijumaa mwanawe huja na wenzake wa ofisini kula chakula cha mchana pale chini, ukumbini mbele ya chumba chake, kwa kuwa kuna ubaridi. Kabla hajafukiza udi, huizima feni. Anasema inavuma, na inamnywea udi wake wa ghali. Akiondoka, mara nyingi hakumbuki kuiwasha.

Nilicheka mpaka nikakaa ngazini. Feni inavuta chini ya zege, udi uko juu ya zulia, na zege lenyewe nshaliziba. Mtu anamhamisha mama yake ili harufu ikae.

Sikumpigia simu. Niliing'oa swichi, nikaunga waya moja kwa moja, nikafunika tundu kwa kibati.

Ijumaa nilikuwepo. Kipimo kilikuwa kimeshuka, nimekiweka kati, kando ya birika la kahawa. Kijana akateremka na wenzake, akapapasa ukuta.

“Mjomba, swichi iko wapi?”

“Nnayo mfukoni.”

Wenzake wakatazama chini. Nikamwambia mbele yao nani aliyekuwa akizipandisha namba. Hata kipimo hakukitazama. Akasema maneno ni mengi, chumba cha Mabela kishapakwa rangi, gari inakuja kesho kuchukua masanduku.

Dada yangu alikuwa kasimama mlangoni, kayasikia yote. Akageuka, akarudi na chetezo kinatoka moshi. Chakula bado kiko jikoni, kahawa hata haijamiminwa. Na kwetu udi wa kupitishiwa wageni ndio wa mwisho: ukishapitishiwa, unaaga.

Akaanza na mwanawe, akakisogeza mpaka chini ya ndevu zake.

“Jifukize, mwanangu.”

Kijana alijifukiza. Angefanya nini? Wenzake walikuwa washaanza kutafuta viatu.

Mie hakunipitishia. Aliweka chetezo chini, akanimiminia kahawa, kisha akaniamrisha niyarudishe masanduku chumbani.