Kisu Changu cha Kwanza

Mkuu wa idara alinirudishia malengo ya kozi yangu ya nyama. "Daktari, 'kuelewa uchinjaji' utaipima aje? Andika kitu tutaona kwa macho."

Nikaandika: mwanafunzi ataweza kuchuna mbuzi bila kutoboa ngozi. Nikajipongeza, mimi ambaye hata kwenye ruracio ya dadangu, siku mbuzi wa mahari walipochinjwa, nilijificha jikoni na akina mama nisione damu.

Juzi wakaguzi wa kozi walitupeleka kichinjioni Dagoretti. Wanafunzi walichuna safi, maana walifunzwa na wachinjaji huku nikiwangoja nje. Nilipoanza tu kupumua, mkaguzi akanipa kisu.

"Sasa mwalimu wao."

Jasho lilinitoka, kisu kikaanguka. Mwanafunzi wangu akakiokota, akanishika bega mbele ya wote.

"Usiogope, Daktari. Mara ya kwanza hata sisi tulitetemeka."