Masizi ya Chungu cha Bibi

Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, betri za redio zikipatikana hata kijijini kwetu Kwaluguru, na mimi, mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, nilikuwa na redio yangu mwenyewe. Alasiri moja nilikuwa nachambua maharage na bibi yangu, mtangazaji akaeleza kwamba wataalamu wanatengeneza nyuzi za kaboni nyembamba mno, hata unywele ni mnene ukilinganishwa nazo. Walitumaini siku moja zingesaidia setilaiti kuvuna nguvu ya jua na kuiweka akiba, ya kutumia zinapopita kwenye kivuli cha dunia.

"Kaboni ndiyo nini?" bibi akauliza.

"Ndiyo iliyomo kwenye masizi, bibi. Na kwenye mkaa."

Akaweka ungo chini, akageuza chungu chake, akakwangua kitako na kunionyesha kidole cheusi. "Hii? Basi nataka kuiona ikitoa umeme."

Jumamosi nikapanda basi hadi Korogwe kwa mzee aliyenifundisha fizikia, masizi nimeyafunga kwenye karatasi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

Nilipomweleza hakucheka. Aliyasugua masizi kwa vidole. "Haya yana mafuta, na chembe zake zimekaa ovyo. Wenzetu wanazipanga. Nyuzi hizo hatuziwezi hapa, lakini mkaa, chumvi na alumini vitakupa umeme kidogo." Akaniazima kipimo cha umeme chenye sindano.

Mkaa aliutwanga bibi mwenyewe. Juu ya mfuniko wa alumini wa sufuria tulitandika kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, tukamwagia unga wa mkaa. Waya mmoja wa kipimo nikaugusisha kwenye mfuniko, wa pili kwenye mkaa. Sindano haikutikisika. Bibi akaukandamiza mkaa kwa mwiko, na sindano ikaruka.

"Ondoa waya!" Nikaondoa, sindano ikalala. "Rudisha!" Ikainuka. Bibi aliniagiza hivyo mpaka mkono ukachoka.

Nikamwambia ukweli: umeme huu si ule wa setilaiti, hapa alumini ndiyo inayoliwa, jua halihusiki.

"Nimekuelewa," akasema, macho kwenye sindano. "Lakini hizo nyuzi zao, kama hazionekani kwa macho, wanazishika na nini?"

Niliporudisha kipimo Korogwe nilimuuliza mwalimu swali hilo. Naye hakujua. Alivaa miwani, akafungua daftari lake na kuliandika, kisha akaniomba nimweleze upya, polepole, jinsi bibi alivyoukandamiza ule mkaa.