Ng'ombe wa Mama Ukuta

Mama Ukuta alipata jina hilo kwa kuchora kuta za maduka, na ng'ombe aliyemchora kwenye bucha la shemeji yake alikuwa na uhai hasa: mbwa wa mtaa walimlamba ubavu mpaka rangi ikatoka. Anayebisha akawaulize mbwa.

Asubuhi moja akakuta ng'ombe wake amefunikwa na bango jipya la plastiki. Ng'ombe wa bangoni alikuwa mnene, anang'aa kama kapakwa mafuta, na shemeji amesimama chini yake, kifua mbele, akiwatambia wateja.

"Huyu nimemchora mwenyewe. Kwa simu. Nimeiambia tu, ikatema ng'ombe."

Roho ikamuuma Mama Ukuta. Ukuta ulikuwa wa shemeji, abandike apendavyo. Lakini kuitwa mchoraji, hapo hakuwa tayari kumwachia mtu. Akasogea, akainua shingo, akamkazia macho yule ng'ombe. Mara akaanza kucheka mpaka akashikilia meza ya nyama.

"Shemeji, hiyo simu imemtoa tu kichwani mwake?"

Shemeji akakuna kidevu. "Niliupiga picha ukuta kidogo. Ipate pa kuanzia."

"Ndiyo maana ana makengeza."

Wateja wote wakatazama juu. Kweli, jicho moja lilielekea mlangoni, jingine kwenye mizani. Mama Ukuta, alipochora ng'ombe wa kwanza maishani, hakuwa na ng'ombe wa kumtazama. Akaazima macho ya aliyekuwa karibu, marehemu mumewe, na tangu hapo hakuyarudisha.

"Hayo ni macho ya kaka yako," akasema. "Simu imewahi kulala naye?"

Mkata mifupa akaweka shoka chini ili acheke vizuri.

"Lakini shemeji, na mimi nimehangaika," mwenye bucha akalalamika. "Hiyo nundu haikuwepo. Nimebembeleza simu mpaka nikakauka koo."

"Nundu ni yako, sikunyang'anyi. Lete ngazi."

Akapanda na kopo la rangi nyekundu, khanga kaifunga kibwebwe. Chini ya kwato akaandika kwa herufi nene: NG'OMBE NI WA MAMA UKUTA. Shemeji akakohoa. Basi akaongeza, kwa herufi ndogo: Nundu ni ya shemeji.

Mkata mifupa akayasoma kwa sauti, na mteja wa mbele akaagiza nundu.