Damu ya mama mwenye hina ilikataa kusema mpaka nilipoizimua kwa maji

Wakuu, heshima kwenu. Huwa nasoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya kimya. Leo naweka yangu, na siongezi chumvi. Ningekuwa natunga, ningejitunga mimi nikiwa mtu bora zaidi.

Ni mtu wa maabara. Nipo Korogwe, kituo sikitaji. Kazi yangu ni damu, mkojo na choo, kwa hiyo mimi si mwepesi wa kutishika.

Siku hiyo kaingia bibi mmoja wa Kizigua kutoka upande wa Handeni, kamleta mke wa mwanawe. Dada ana mimba ya miezi mitano, na tayari alishazaa watoto wawili wafu. Wa kwanza alijifungulia nyumbani. Wa pili, mwaka jana, kliniki alihudhuria hapa hapa kwetu.

Nikamwamkia bibi shikamoo. Akaitikia, halafu akanisogelea.

"Mwanangu, usijichoshe. Damu ya huyu imefungwa. Mtaalamu wetu wa kienyeji kasema haitatamka kitu mpaka inyweshwe maji."

Nikacheka. Sisi watu wa lab tuna kiburi chetu.

"Bibi, hapa damu zote zinasema."

Vipimo vya haraka vya kuchoma kidole vilikuwa vimeisha, kwa hiyo kaswende nikapima kwa RPR, kile cha zamani. Kwa msiokijua: unachukua yale maji ya njano yanayobaki juu damu ikishatulia, unadondosha tone kwenye kadi nyeupe, unaongeza tone la dawa yenye chembe nyeusi, kadi inazungushwa dakika nane. Chembe zikigandana kama majani ya chai chini ya kikombe, kaswende ipo. Zikibaki laini, za kijivu, hana.

Ikabaki kijivu. Laini kabisa.

Nikashika kalamu niandike. Nikitupa jicho dirishani, namwona yule dada kwenye benchi, viganja kavigeuzia juu mapajani. Hina imefifia, na chini ya hina kuna madoa ya duara, ya kahawia, mengi.

Nikatoka kumuuliza kama yanawasha.

"Hayawashi. Hata mwaka jana yalikuwepo, mama mkwe akanipaka hina yasionekane."

Wakuu! Ile hina niliikumbuka. Mwaka jana ni mimi nilimtoa damu, na nilimtania, "Bi harusi wetu huyu." Viganja vilikuwa vyekundu, vinapendeza. Sikuviangalia zaidi ya hapo.

Madoa ya viganjani yasiyowasha, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kuishuku kaswende. Lakini kadi inasema hana. Nikarudi ndani nikaanza kuiogopa ile kadi.

Ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu wa chuo. Alitufundisha kuwa ipo damu yenye kinga nyingi mno hadi kipimo kinazidiwa. Ni kama watu wengi wanaotaka kupita mlango mmoja kwa pamoja, mwisho hapiti hata mmoja. Dawa yake ni kuizimua kwa maji ya chumvi, yale ya dripu.

Mkono ukasita juu ya chupa. Maji.

Nikazimua mara mbili, kimya. Mara nne, chembe zikaanza kusogeleana. Mara nane, zikagandana. Mara kumi na sita, duara lote limejaa weusi. Kadiri nilivyoipunguza nguvu ndivyo ilivyozidi kusema. Bibi alikuwa amesimama dirishani ananitazama, hata kope hapepesi.

Nikafungua rejesta ya mwaka jana. Jina lake lipo. Kaswende (RPR): hana. Mwandiko ni wangu.

Dada alichomwa sindano ya penisilini. Mume akaitwa kutoka Handeni, naye akachomwa, hakuuliza swali hata moja. Msije mkanisoma vibaya, mtaalamu hakuponya mtu hapo. Hayo maji aliyajuaje, sijui. Labda kila anayekwenda kwake huambiwa hivyo hivyo.

Mtoto alizaliwa analia.

Wiki chache baadaye bibi akarudi na kuku jike mweupe, miguu imefungwa kwa katani.

"Mwanangu, na yule mtoto wa pili aliyekufa, mama yake alipimwa hapa?"

"Ndiyo, bibi."

"Damu ilisemaje?"

"Ilinyamaza."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi si kosa la mtu." Akanikabidhi kuku, nami nikapokea kwa mikono miwili.

Funzo: wajawazito wawahi kliniki, na waume waende nao, si kuketi nyumbani kusubiri majibu ya mke. Kama una madoa au umewahi kupoteza mtoto tumboni, mwambie anayekupima, hata kadi ikisema huna. Na wenzangu wa lab, mtazameni mtu kwanza.

Kuku sijamchinja mpaka leo. Yupo uani kwangu Masuguru, juzi kaangua vifaranga. Mke wangu anauliza tunamfuga wa nini, nabaki kucheka cheka tu. Roho inaniuma, wakuu.

Nimfuate yule bibi nimwambie ukweli, kwamba mwaka jana kosa lilikuwa langu, au ninyamaze kama ile kadi? Semeni tu, hata matusi nitayasoma. Kwao napajua.